Mjadala: Kufungia mitandao chini ya miaka 16 kunamsaidia mtoto, au kunamtuliza mzazi tu?

Mleta mada:
Wakuu, tangu tarehe 10 Desemba 2025 Australia imezuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti TikTok, Instagram, Snapchat, YouTube na mitandao mingine mikubwa. Mtoto haadhibiwi, wala mzazi. Inayobanwa ni kampuni, na faini inaweza kufika dola milioni 49.5 za huko. Mzazi naye hana ruhusa ya kusema "wangu mwacheni."

Mimi naunga mkono, lakini naona sheria imelinda mlango wakati mtoto alishapita dirishani. Mazoea ya skrini hayaanzi na akaunti. Yanaanza mtoto akiwa na mwaka na nusu: analia, anapewa simu, ananyamaza, nyumba inapoa. Baada ya muda halii tena kwa njaa wala usingizi, analilia simu. Huyo hana akaunti yoyote. Na hata Australia kwenyewe, video za YouTube bado zinatazamika bila kuingia kwenye akaunti.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miaka miwili, skrini haishauriwi; miaka 2 hadi 4, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Watu hunukuu hiyo saa moja na kusahau kwamba mwongozo wenyewe unahusu kucheza, kukaa na kulala. Hoja ni kile ambacho skrini imekiondoa.

Mama Mapacha:
Mwongozo mtamu kwa mwenye wa kumsaidia. Mimi nina wawili wa miaka mitatu, jiko linawaka, niko peke yangu. Bila katuni mmoja ataungua. Mje mnihukumu.

Mleta mada:
Hakuna wa kukuhukumu, dada. Katuni wakati unapika si tatizo langu. Tatizo langu ni video isiyo na mwisho. Kipindi cha zamani cha runinga kilikuwa kinakwisha, hata kama mtoto hataki. Siku hizi moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe, kwa hiyo anayekatisha raha kila siku ni mama. Zima hiyo ya kujiendeleza, chagueni kipindi kabla hakijaanza, waambie mapema kikiisha tunazima. Na kama inawezekana, iwe skrini kubwa inayoonekana na kila mtu; simu mkononi inampa mtoto kidole cha kurukaruka, na wewe huoni alikofika.

Mwalimu wa Darasa la Tatu:
Niongeze la darasani. Mtoto aliyelala na simu namjua kabla hajafungua daftari. Mnabishana kuhusu saa ngapi kwa siku, mimi ningeuliza simu inalala wapi. Ilale sebuleni, ya mzazi pia. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu shule za msingi na za kati, sawa, lakini hakuna sheria inayofika chumbani usiku.

Sikubaliani:
Hofu tupu. Watafiti Orben na Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000, wakachapisha mwaka 2019: matumizi ya teknolojia yalieleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti ya ustawi wao, yaani kijana mmoja kuwa na raha kuliko mwingine, teknolojia inahusika kidogo mno. Hiyo ndiyo ya kutungia sheria nchi nzima? China nayo mwaka 2021 iliwapa watoto saa moja ya magemu mtandaoni, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Watoto wakaazima vitambulisho vya wakubwa.

Mleta mada:
Mkuu, utafiti huo naukubali, na unanisaidia mimi. Ukijumlisha kijana anayeongea na bibi yake kwa video na anayeteleza video fupi hadi usiku wa manane, ukaviita vyote "matumizi", wastani lazima uwe mdogo. Halafu wale ni vijana. Kuhusu mtoto wa miaka miwili hausemi kitu.

Na kama ni umri, ile miaka 13 tuliyoizoea haikutoka kwa daktari. Ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu kukusanya taarifa za watoto mtandaoni. Kampuni zikaona 13 ndio mpaka, basi.

Sikubaliani:
Na umri unauhakikisha vipi? Kwa kupiga picha nyuso za watoto? Hayo ndiyo malezi?

Mleta mada:
Hapo hata mimi sina raha. Sheria ya Australia inakataza kampuni kudai kitambulisho cha serikali kama njia pekee, ndiyo maana baadhi zinakadiria umri kwa uso, na makadirio hukosea: wa 15 anapita, wa 17 anafungiwa. Bado naona afadhali hilo kuliko mtoto kujiandikia mwaka wa kuzaliwa autakao. Mwenye njia ya tatu aiweke hapa.

Mama Mapacha:
Nimezima ile ya kujiendeleza. Kilio kilikuwepo, kifupi kuliko nilivyotarajia. Sasa baba yao ndiye anayelalamika.