Kambi ya ufukweni wakati wa kusi: turubai, neti ya kitalu au jamvi?

Baba_Wawili
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa nane tunakwenda tena Ushongo, Pangani, kupiga kambi siku tatu. Mahema mawili: mimi na mke wangu, watoto wawili, na mama mkwe. Mwaka jana tulikwenda majira hayohayo na kusi ilitutia adabu. Mchanga kwenye wali, mchanga machoni, jiko haliwaki. Nikafunga turubai la bluu kwenye miti miwili upande upepo unakotoka. Saa nane usiku likang'oka, ile kona yenye pete ya chuma ikawa inapiga hema kama mtu abishaye hodi. Mama mkwe akatoka na tochi akijua ni mwizi.

Halafu kuna suala la stara. Bafu letu lilikuwa shuka lililobanwa kwenye mlango wa gari. Sitaki kurudia.

Napima vitu vitatu: turubai zito zaidi, vile vizuizi vya kitambaa na vijiti wanavyotumia Waingereza ufukweni (nimeviona vikiuzwa mtandaoni), au ile neti ya kivuli ya wakulima. Kipi kina maana?

FundiMaturubai
Mkuu, mimi nashona na kuuza maturubai, lakini kwa hili sitakudanganya. Uzito si dawa. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, msukumo wake kwenye kitambaa unakuwa mara nne. Turubai zito halitachanika, sawa, ila kamba zitakatika au miti itang'oka. Umetweka tanga halafu unashangaa chombo kinaondoka.

Mche_wa_Lushoto
Chukua neti. Nina kitalu cha miche huku mlimani na nilianza kwa kosa kama lako, nikaziba upande mmoja kwa nailoni. Upepo ukiukuta ukuta unapanda juu yake, kisha unaporomoka nyuma ukizungukazunguka. Miche iliyokuwa karibu kabisa na nailoni ndiyo iliyolala. Wali wako uliingia mchanga kwa njia hiyohiyo.

Neti ya asilimia 50, yaani inayokinga nusu ya jua, inaupitisha upepo lakini inauchosha. Yangu ina kimo cha mita moja na nusu, na utulivu unaufikia mpaka hatua kama kumi nyuma yake. Kamba hazihangaiki, na ukiikunja inaingia kwenye mfuko wa sokoni. Usinunue ya asilimia 80 ukidhani zaidi ni bora, hiyo inakaribia kuwa turubai.

Kasoro yake: stara hakuna. Ukiwasha taa upande wa ndani usiku, walio nje wanatazama sinema.

Binti_wa_Mkunguni
Kaka zangu mnapima upepo tu, mama wa watu mmemwacha na shuka lake. Pwani hii watu wamezungushia ua wa makuti tangu enzi, na ua huo upepo unaupenya huku jirani haoni kitu. Kwa safari, jamvi la miyaa linafanya kazi ileile. Mchana mnalikalia, jioni mnalisimamisha kwa nguzo nne na kugeuza mlango upande usio na upepo. Liwe refu kuliko mtu mzima aliyesimama! Vile vizuizi vya Waingereza ni vya mtu aliyeketi kuota jua, ukisimama vinakufika kifuani. Mama mkwe ataogaje pale, na atatawadhia wapi?

FundiMaturubai
Dada, na jamvi likilowa?

Binti_wa_Mkunguni
Linaanikwa, fundi. Hata wewe ukilowa unaanikwa.

Dereva_Marsabit
Mimi hupeleka wageni Loiyangalani, Ziwa Turkana. Upepo wa huko mnaufahamu? Ndio uliofanya wakajenga mitambo 365 ya umeme kusini-mashariki mwa ziwa. Unachacha usiku mpaka asubuhi, mchana unapunguza. Kwa hiyo kizuizi nakifunga mchana kukiwa shwari, sisubiri giza.

Vijiti vya vile vizuizi vya mtandaoni vinashika kwenye mchanga mbichi uliokazana. Kwenye mchanga mkavu, sahau. Vigingi vya hema pia hivyohivyo. Chukua sandarusi, jaza mchanga nusu, funga kamba katikati, chimba mpaka kiwiko, zika, kanyaga. Haing'oki, na siku ya kuondoka unamwaga mchanga na kubeba sandarusi tupu.

Gari nalo ni kizuizi kizuri ukiliegesha ubavu, ila upepo unapita chini ya uvungu. Ziba hapo kwa mizigo.

Mpagazi_Mstaafu
Nyongeza ndogo. Jiko likae mbali na turubai na neti, nailoni haiungui tu, inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Na upepo ukizidi, msilete jiko la mkaa ndani ya hema, hata lililobaki makaa mawili. Hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Baba_Wawili
Wakuu, tumerudi. Nilinunua mita 8 za neti ya asilimia 50, mianzi mitano, sandarusi kumi. Nilizifunga saa tisa alasiri kama alivyosema Dereva. Usiku neti ilivuma lakini haikusogea, na wali ulilika. Watoto hawakuridhika, walitaka kuona turubai likiruka tena.

Jamvi tuliazima kwa shangazi. Kosa langu ni moja: niliuweka mlango wa bafu upande wa njia ya wavuvi, na wavuvi wanaamka mapema. Mama mkwe aliamuru ligeuzwe kabla ya chai.

Fundi, jibu lako hili hapa: siku ya mwisho mvua ilinyesha, jamvi likawa zito kiasi cha kubebwa na watu wawili. Tulilifunga juu ya kerea, likakauka tulipokaribia Muheza. Mchanga wake bado naufagia sebuleni.