Naomba ushauri: nimebanwa kati ya mzee wangu na kijana wa dukani

Habari zenu wakuu. Nina miaka 36, nasimamia duka la vifaa vya ujenzi la mzee hapa Mwanza. Mzee anakaribia 70. Alianza kwa kupanga misumari chini juu ya gunia, na mpaka leo anafungua saa moja asubuhi, anafunga saa tatu usiku, Jumapili hadi mchana.

Mwaka huu tumeajiri kijana wa miaka 23. Mchapakazi, haibi, lakini saa kumi na moja ikigonga anakunja aproni, anaiweka juu ya mizani, "Wazee, kesho." Juzi mzee alimwambia abaki kushusha saruji. Kijana akajibu kwa heshima kabisa kwamba sheria ni saa 45 kwa wiki, zikizidi analipwa mara moja na nusu. Mzee akanigeukia mimi: "Huyu umemwokota wapi?"

Ukweli kijana yuko sahihi, sheria ya 2004 inasema hivyo. Ila niliona aibu kumtetea mbele ya baba.

Na nyumbani ni yaleyale. Mke wangu kajifungua, mzee akanikuta namwogesha mtoto. Hakusema kitu, akaaga hata chai hajagusa. Tangu siku hiyo ananiita "mama fulani" mbele ya wateja (wanacheka, nami nacheka).

Waliofanya kazi na wazazi wao, mliongeaje nao bila kuonekana mmewadharau? Nimpitie mama, au nimtafute baba mdogo?