Tupeane uzoefu: wazazi na wenzi wetu wahandisi waliohudumu Mtwara na Lindi

Mwana wa Newala

Juzi, baada ya dua ya arobaini ya baba yetu, nilifungua sanduku lake la bati nikakuta madaftari 11 ya zamu. Baba alikuwa mhandisi katika mradi wa maji wa Makonde, ule unaovuta maji kutoka visima vya Mitema, bonde la Kitangari, na kuyapandisha hadi juu kwetu. Upande wa kushoto wa kila ukurasa ameandika saa, presha ya bomba, dizeli iliyotumika na kina cha maji tangini. Upande wa kulia, kwa mwandiko uleule, ameandika mambo ya nyumbani: "Wa tatu ana homa, amekunywa uji kidogo." "Mama yao anadai sukari tangu Jumatatu." "Wa kwanza amekuwa wa 4 darasani, nimpongeze nikirudi." Nilikaa chini nikalia, kwa sababu utoto wangu wote niliamini kwamba akishafika Mitema sisi tunamtoka akilini.

Mnaoijua Newala hamhitaji kuelezwa kwamba mchanga wetu hunywa mvua yote, na kwamba bibi zetu walikuwa wakishuka mteremko alfajiri kufuata maji bondeni na kupanda nayo jua likiwa limekwisha kuwa kali. Jumapili moja baba alitupeleka Shimo la Mungu, akatuonyesha njia aliyopita mama yake na mtungi kichwani, akasema hiyo ndiyo iliyomfanya asomee pampu. Bomba la mtaa lilipokauka, tulipanga foleni na madumu yetu nyuma ya majirani, na hakukubali hata siku moja tutangulizwe kwa sababu ya kazi yake.

Naomba wenye kumbukumbu kama hizi wazilete. Naomba pia ushauri kuhusu madaftari, kwa kuwa mchwa wameanza kuyala.

Binti wa Masasi

Umenigusa sana, kaka. Nyumba yetu nayo ilinukia grisi ya shati la baba, na tangu alipofariki harufu hiyo naitafuta.

Mama wa Mikindani

Mwanangu, pole kwa msiba. Mume wangu naye alikuwa mhandisi wa mitambo, na leo nitasema jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Ilikuwa masika ya 1998, ile mvua ya El Niño. Jenereta ya hospitali niliyokuwa nikihudhuria kliniki ilikuwa imekufa beringi, naye akatumwa Dar es Salaam kuifuata, wakati mimba yangu imetimia. Ninyi mlioanza kusafiri baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mita zake 970 mnazipita kwa dakika moja hivi. Sisi tulikuwa tukisubiri kivuko pale Ndundu, na Rufiji ikifurika, unasubiri mpaka mto wenyewe ukuruhusu. Alilala kando ya barabara usiku 6 chini ya turubai la lori. Beringi aliifunga kwa khanga aliyoninunulia kwa ajili ya uzazi, ili isipate maji.

Uchungu ulinianza akiwa bado huko. Nilijifungua kwa mwanga wa chemli, mkunga akiishika kwa mkono mmoja. Siku mbili baadaye, saa 2 usiku, taa za wodi ziliwaka ghafla, na hapo ndipo nilipojua kwamba mume wangu amefika. Alikuwa amepita mlango wa wodi akaenda kwanza kwenye jenereta. Alipokuja kumpakata mwanawe mikono yake ilikuwa inatetemeka, na ile khanga ilikuwa na doa la mafuta ambalo halijatoka hadi leo.

Kijana wa Nachingwea

Shikamoo mama. Kwa heshima zote, mimi nisingemsamehe. Baba yangu alijenga barabara za kusini miaka mingi, na sina kumbukumbu ya kula naye sikukuu hata moja. Tukiendelea kuwasifu kwa kutotuona, wanetu nao watafanyiwa hivyo na sisi.

Binti wa Masasi

Kaka, aliyezaa ni yeye na aliyeachwa peke yake ni yeye. Mwache aseme mwenyewe kama alimsamehe.

Mama wa Mikindani

Marahaba mwanangu, wala sijachukia. Kitanda cha pili kutoka kwangu alikuwapo binti aliyekuwa akisubiri kupasuliwa. Angekuja kwangu kwanza, nami ningemwambia aende kwenye jenereta. Ila swali lako ni la haki, na uchungu wako ni wa kweli. Mwanangu wa kwanza huniuliza hivyohivyo.

Mzaliwa wa Lindi

Mama, huyo binti alipona?

Mama wa Mikindani

Alipona yeye na mtoto wake.

Mwalimu wa Tandahimba

Tumwonee huruma mwenye uzi, maana hatujamjibu. Yapelekwe madaftari ofisi ya maji, kwa kuwa kina cha visima cha miaka hiyo kina faida kwa wahandisi wa leo.

Mzaliwa wa Lindi

Usipeleke. Michoro ya marehemu baba tuliikabidhi ofisi moja kwa nia njema, na tulipoiulizia hakuna aliyeijua. Piga picha kila ukurasa kwa simu, nakala ndiyo uwape.

Binti wa Masasi

Weka majani makavu ya mwarobaini sandukuni, na sanduku liinuliwe juu ya matofali.

Mzee wa Kitangari

Nilikuwa mwendesha mitambo chini ya baba yako, Mwenyezi Mungu amrehemu. Usiku mmoja injini ilizima ghafla, na maji yote yaliyokuwa njiani kupanda yakarudi kwa kishindo yakapasua vali. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, karibu na daku. Tafadhali nitafutie ukurasa huo.

Mwana wa Newala

Shikamoo mzee. Nimetafuta tangu magharibi, na sasa nimeupata katika daftari la 7. Kushoto ameandika: "Saa 9 usiku. Vali imepasuka. Mwendesha mitambo amefunga koki kuu peke yake, maji yakiwa kifuani." Kulia ameandika: "Mkewe amejifungua wa kiume jana na hakuniambia. Aende nyumbani siku 3, zamu zake nitashika mimi. Nimtumie mama watoto ujumbe kwamba sirudi."

Mzee wa Kitangari

Marahaba, mwanangu. Macho yangu yamepungua, na huyo wa kiume ndiye anayenisomea. Ameomba nafasi kidogo ametoka nje.