Dodoma inalisha mfanyabiashara, au inalisha watumishi peke yao?

Muuza Nondo, Ilazo
Wadau, salaam. Nilitoka Dar 2019 nikafungua duka la vifaa vya ujenzi huku. Mwanzo saruji ilikuwa hailali dukani, kila mtu anajenga. Sasa hivi mauzo yanafuata Bunge. Aprili mpaka Juni, wakati wa bajeti, gesti zinapandisha bei na mama lishe anapika sufuria mbili. Bunge likiahirishwa, mtaa unapoa. Na tangu treni ya SGR ifike huku Julai 2024, Ijumaa jioni watumishi wanarudi kwa familia zao Dar na mishahara yao. Nina akiba kidogo. Niongeze mtaji hapa au nirudi pwani? Na kwa mwenye watoto, maisha yakoje?

Mwana Temeke
Rudi, mkuu. Serikali iliamua kuhamia huko 1973, ikaja kuhama kweli 2016. Miaka 43! Soko halijengwi jangwani. Hata wenyeji wenyewe wanalikimbia, tunawaona kwenye mataa ya Dar, watoto mgongoni, wanaomba.

Mjukuu wa Mvumi
Ya miaka 43 nakuachia. Hapo kwenye mataa umenigusa pabaya. Unajua Mtunya? Ndiyo njaa ya 1917 hadi 1920. Mjerumani alichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo, wenyeji wa huku, Mwingereza akaja naye akachukua, vijana wakaswagwa kubeba mizigo ya vita, kisha mvua ikakata. Bibi yangu alisimuliwa na mama yake, na kila alipofika pa watoto waliozikwa njiani alinyamaza. Mama unayemwona kwenye mataa ana historia. Usimfanye mfano wa biashara.

Mwana Temeke
Sikutukana kabila. Nimesema nilichokiona kwa macho.

Mjukuu wa Mvumi
"Wenyeji wenyewe" ni akina nani basi? Kama wewe ni mtani wangu sema nikujue, utani tunauheshimu. Kama si mtani, hayo ni matusi.

Kibarua wa Kongwa
Tena Dodoma si jangwa, ni nusu ukame. Mvua ipo, Desemba mpaka Aprili. Shida ni pale jua linapokatisha Februari, mahindi yamebeba na yananyaukia shambani. Ndiyo maana wazee walishika uwele na mtama.

Mwana Temeke
Sawa, nusu jangwa. Wazungu walikuja hapo Kongwa 1947 na matrekta kulima karanga. Kufika 1951 walishafunga virago.

Kibarua wa Kongwa
Kwa sababu hawakumuuliza mwenyeji! Udongo ule mvua ikiisha unakuwa kama zege, majembe ya trekta yalikatika. Mgogo yeyote angewaambia bure. Leo nenda Kibaigwa, wilaya hiyo hiyo ya Kongwa, malori yanapanga foleni kupakia mahindi. Nimebeba magunia pale, bega langu ni shahidi.

Mama Wawili, Kisasa
Jamani, mleta mada kauliza na maisha ya watoto. Mimi nasema maji. Visima vya Mzakwe ndivyo vilivyokuwa vinanywesha mji mdogo, leo jiji lote limevikalia. Kwangu yanatoka usiku wa manane mara mbili kwa wiki, naamka kujaza tangi. Yana chumvi. Birika likimaliza mwezi lina ukoko mweupe, naukwangua kwa ndimu. Ila watoto wanafika shule dakika kumi, hawaamki saa kumi alfajiri kama tulipokuwa Mbagala, Dar. Kwa hilo sirudi.

Kiwanja Namba Ngapi
Mmesahau ardhi. Enzi za CDA, mamlaka ya ustawishaji iliyosimamia ardhi ya mji huu, hati ya kiwanja ilikuwa miaka 33 wakati wenzetu kwingine wana 99. Nani angejenga kwa moyo? Ilivunjwa 2016 ndipo mji ukafumka.

Mama Wawili, Kisasa
Ni Mei 2017.

Kiwanja Namba Ngapi
Asante dada, 2017. Mimi bado nina kiwanja kimoja chenye barua mbili za majina mawili tofauti, na kila ofisi niingiayo inanielekeza nyingine.

Mkulima, Mpunguzi
Ndugu wa jangwa, mimi navuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Lakini nisikilizwe na hili. Msimu uliopita kiwanda kimoja kilichukua mzigo wangu, nikalipwa baada ya miezi mitano. Nitafanyaje? Zabibu ikishakatwa haisubiri. Siku ya pili juani inaanza kuvuja, nyuki wanajaa kwenye kreti, siku ya tatu ni siki. Anayejua hilo anakupangia bei atakayo. Hayo ndiyo tuyazungumze, siyo mataa.

Mwana Temeke
Kuhusu mataa nimeeleweka vibaya.

Mjukuu wa Mvumi
Umeeleweka vizuri sana. Futa.

Muuza Nondo, Ilazo
Mzee wa Mpunguzi, shikamoo. Mizabibu yako inalala juu ya waya? Nguzo na waya unanunua wapi?

Mkulima, Mpunguzi
Marahaba. Waya nafuata mjini, nauli juu yangu, na mara nyingine naambiwa umeisha. Ekari moja inakula mabunda mengi ya waya. Tuko wengi huku.

Muuza Nondo, Ilazo
Niambie unene wa waya mnaotumia. Jumamosi nakuja na sampuli.