Spika za nyuma zinarudia sauti ya mbele: nipateje 5.1 halisi kutoka kwenye kompyuta?

Mkaazi_Bombo
Ndugu zangu, naomba ushauri. Nina kompyuta ya mezani yenye Windows 10, televisheni ya inchi 32 na sabufa yenye spika 5. Nyuma ya kompyuta kuna matundu 3 madogo ya sauti: kijani, buluu na pinki. Nyuma ya sabufa kuna matundu 2 ya AUX, jekundu na jeupe, kisha mengine 6 yameandikwa FL, FR, SL, SR, CEN na SUB. Sasa hivi nimetumia waya mmoja tu, kutoka tundu la kijani hadi AUX. Spika zote zinalia, lakini za nyuma zinasema yale yale ya mbele, na maongezi ya filamu yanamezwa na muziki. Jirani ananishauri niuze sabufa ninunue seti ya DVD yenye HDMI. Ni lazima?

Fundi_Nyaya
Usiuze, mkubwa. Hayo matundu 6 ndiyo 5.1 yenyewe: FL na FR ni mbele kushoto na kulia, SL na SR ni nyuma kushoto na kulia, CEN ni spika ya kati na SUB ni besi. Na wewe umeyaacha wazi. AUX hubeba chaneli 2 tu, kushoto na kulia, na sabufa inazigawa hizo hizo 2 kwa spika zote. Sauti ya 5.1 inahitaji njia 6 zilizotengana tangu ndani ya faili mpaka kwenye spika. Zikibanwa mahali popote zikawa 2, kuanzia hapo ni stirio, hata uwe na spika 10.

Ukishuka Kampala nunua nyaya 3, kila mmoja uwe na plagi ya milimita 3.5 upande huu na plagi 2 za RCA (zile zinazoingia kwenye matundu ya sabufa) upande ule. Itazame vizuri plagi ndogo: iwe na pete 2 nyeusi. Yenye pete 3 ni ya simu au kamera, na mpangilio wake wa ndani ni mwingine. Utapata mvumo au upande mmoja kukosa sauti.

Tundu la kijani liende FL na FR, buluu SL na SR, pinki CEN na SUB. Kwenye kompyuta zenye matundu 5 au 6 spika za nyuma huwa tundu jeusi, na spika ya kati pamoja na besi huwa tundu la rangi ya chungwa. Kwako matundu ni 3, kwa hiyo draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya sauti, ndiyo inayoyapa buluu na pinki kazi mpya ya kutoa sauti. Maikrofoni itahamia tundu la mbele ya kasha.

Baada ya hapo:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter.
2. Kwenye "Playback" chagua spika zako, kisha "Configure".
3. Chagua "5.1 Surround", halafu bofya picha ya kila spika moja moja usikilize inalia wapi.
4. Kwenye sabufa au rimoti yake badilisha ingizo kutoka AUX kwenda 5.1. Hatua hii husahaulika, mtu akadhani nyaya ni mbovu.

Kama 5.1 haionekani kwenye orodha, mara nyingi kompyuta inatumia draiva ya jumla ya Windows, ile inayojiita "High Definition Audio Device". Hiyo haijui kubadilisha kazi ya buluu na pinki. Soma jina la modeli kwenye madabodi, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, pakua draiva ya sauti ya modeli hiyo hiyo (nyingi ni Realtek), weka, kisha zima na uwashe.

Sauti_Safi256
Naongezea kuhusu HDMI, maana ushauri wa jirani umewapotezea wengi fedha. Seti nyingi za DVD zenye spika 5 zina tundu moja la HDMI, na kando yake pameandikwa OUT. Linatoa picha kwenda kwenye televisheni. Halipokei chochote kutoka kwenye kompyuta. Likiwa limeandikwa ARC (njia ya kurudisha sauti) pia, sauti inaweza kurudi kutoka kwenye televisheni, lakini njia ni ndefu: kompyuta hadi televisheni, televisheni hadi seti. Kadi ya picha ya kompyuta haina ARC, kwa hiyo televisheni lazima iwe katikati. Na hapo ndipo sauti inapobanwa, kwa sababu televisheni nyingi huiambia kompyuta "mimi ni stirio tu", na Windows inaficha 5.1. Kifaa kinachofaa ni amplifaya yenye HDMI IN.

Tundu la optiko, linalopitisha sauti kwa mwanga, nalo lina mpaka wake. Linapitisha PCM (sauti isiyobanwa) ya chaneli 2, au miundo iliyobanwa ya Dolby Digital au DTS. Filamu yenye AAC (muundo mwingine wa sauti iliyobanwa) ya chaneli 6 ikipita hapo inatoka stirio, isipokuwa kompyuta iigeuze kwanza kuwa Dolby Digital. Anayetumia optiko au HDMI kwenda kwenye amplifaya, kwenye VLC (programu ya kuchezea filamu) afungue mipangilio ya sauti, awashe "passthrough", yaani sauti ipite bila kufumbuliwa, ili amplifaya ifumbue yenyewe. Wewe wa nyaya 3 fanya kinyume: izime, kwa sababu kompyuta yako ndiyo inayofumbua.

Wenye laptopu ya tundu moja watafute kadi ya sauti ya USB ya nje. Iwe na matundu ya kutoa sauti yasiyopungua 3. Zenye chipu ya CM6206 zinatoa chaneli zote kweli kweli. Kile kidude kama flashi kilichoandikwa 7.1, chenye tundu la hedfoni na la maikrofoni basi, kinaigiza tu. Chaneli zinazotoka ni 2.

Mkaazi_Bombo
Asanteni sana. Nyaya zimeunganishwa, draiva imewekwa, 5.1 imeonekana. Mambo 3 yamebaki. Nikibofya spika ya kati, inalia spika ya besi. Kuna mvumo wa chini hata filamu ikisimama. Na filamu nilizonazo, nyingi za VJ (msimulizi anayetafsiri filamu kwa sauti yake), nyuma kimya kabisa.

Fundi_Nyaya
La kwanza ni rahisi: zile plagi 2 za waya wa pinki zibadilishane, ya CEN iende SUB na ya SUB iende CEN. Kati na besi hupita kwenye waya mmoja, na watengenezaji hawakubaliani ipi itangulie.

Mvumo huo ni wa umeme, hezi 50. Chomoa waya wa antena au wa dishi kwenye televisheni. Mvumo ukinyamaza, vifaa vinapata ardhi kwa njia 2 tofauti. Chomeka kompyuta, televisheni na sabufa kwenye ekstensheni moja. Mvumo ukibaki, weka kitenganishi cha ardhi cha milimita 3.5, na kiwekwe kwenye kila waya kati ya zile 3. Usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi ya umeme. Mvumo unaweza kuisha, lakini siku kasha likishika umeme litampiga mtu.

Mama_Sinema
Hilo la VJ halitokani na nyaya, kaka. Sauti ya VJ huwekwa juu ya sauti ya filamu, kisha vyote huhifadhiwa pamoja, kwa kawaida katika stirio. Chaneli za nyuma hazimo ndani ya faili. Hakikisha: fungua filamu kwenye VLC, bonyeza Ctrl na J, tazama mstari wa chaneli. "Stereo" maana yake 2. "3F2R/LFE" au "3F2M/LFE" maana yake 5.1: tatu mbele, mbili nyuma au pembeni, na moja ya besi. Fanya jaribio lako kwa faili ya namna hiyo, la sivyo utabadilisha nyaya usiku kucha bure.

Kwa filamu za VJ kuna "Speaker Fill" kwenye "Enhancements" za spika, kama draiva yako inayo. Inasambaza stirio kwenye spika zote. Maongezi husikika vizuri zaidi, ila usitegemee helikopta ipite nyuma ya kichwa.

Anayetumia MPC-HC, programu nyingine ya kuchezea filamu, aangalie "Mixing" ndani ya LAV Audio, sehemu yake ya kufumbua sauti. Ikiwa imewashwa na imewekwa stirio, inabana chaneli 6 kuwa 2 kimya kimya.

Na spika za nyuma usizipange kwenye meza ya televisheni. Ukikaa ukiitazama televisheni, za mbele ziwe nyuzi 30 kila upande, za nyuma nyuzi 110, yaani ubavuni na nyuma kidogo ya masikio, si kwenye kona ya mbali kabisa. Waya mwekundu uingie pekundu kwenye kila spika. Mmoja ukigeuzwa, besi inapotea na sauti inakuwa kama imetoka ndani ya mtungi. Maongezi yakiwa bado chini, pandisha CEN peke yake kidogo kidogo kwa rimoti. Usipandishe sauti yote.

Mkaazi_Bombo
CEN imetulia. Mvumo uliisha nilipochomoa dishi. Nimejaribu faili yenye 3F2R/LFE, mvua inanyesha nyuma na watu wanaongea mbele. Dada, spika ya nyuma kushoto iko karibu mno na kiti, mita 1 tu, ya kulia iko mita 2.

Mama_Sinema
Punguza ile ya karibu kwenye "Levels", kitufe cha "Balance", huku ukiibofya kwenye "Configure" mpaka zote 2 zisikike sawa ukiwa umekaa kitini. Kiti kikihama, rudia.