Naanza gofu wiki ijayo, sijawahi hata kushika fimbo. Nielekezeni

Mpwani wa Bububu
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimelipia vipindi vitano vya saa moja moja kwenye uwanja wa mashimo 9 kule Mangapwani. Fimbo sina. Ninunue zipi? Na mtu afanyeje akisimama mbele ya mpira, watu wanamtazama, mikono ikaanza kumtetemeka?

Chuma Namba 7
Waalaykum salaam. Usinunue kitu bado. Sheria inaruhusu fimbo 14, lakini mwanafunzi zinamtosha tatu: chuma namba 7 (fimbo ya masafa ya kati), weji (fimbo fupi ya kupigia mpira karibu na shimo), na ile ya kusukumia mpira shimoni. Muombe mwalimu akuazime.

Kipindi cha kwanza kiishie kwenye mshiko na usimamaji, usione unapoteza pesa. Kama unatumia mkono wa kulia, tangulia kushika kwa kushoto, mpini ulale kwenye vidole, si kiganjani. Ukitazama chini uone vifundo viwili vya mkono wa kushoto. Shika kama nahodha anavyoshika kana ya usukani bahari ikiwa shwari: haimponyoki, wala hakazi. Ukikaza, mkono mzima unakuwa gogo, uso wa fimbo unachelewa kugeuka, na mpira unakata kulia.

Sasa kosa linalowatesa wanaoanza karibu wote: kutaka kuunyanyua mpira. Uso wa fimbo umeshalazwa, kazi ya kuunyanyua ni yake. Ukijaribu kuusaidia, uzito unabaki mguu wa nyuma, fimbo inachimba ardhi kabla ya mpira, au inapanda na kuupiga utosini ukabiringika.

Dawa iko pwani. Maji yakitoka, tafuta mchanga mgumu, chora mstari kwa kidole, simama mstari ukiwa katikati ya miguu. Bila mpira, piga mara kumi. Alama ya fimbo ianzie kwenye mstari na kwenda mbele, upande wa shabaha. Ikianzia nyuma, uzito haujahama. Mchanga haukufichi kitu. Ukimaliza osha fimbo kwa maji baridi ya mfereji uikaushe, chumvi inakula chuma.

Bi Mwanakwerekwe
Naafikiana nawe ila kwa jambo moja: mie ningemuanzisha shimoni, arudi nyuma kidogo kidogo. Uwanja wa mashimo 9 wenye pa 36, yaani mikwaju 36 inayotarajiwa kuumaliza, hesabu yake imeweka mikwaju 18 ya kusukuma, miwili kila shimo, nusu nzima! Na hiyo haitaki nguvu. Shimo lina upana wa milimita 108, mpira karibu 43. Weka mipira mitano hatua moja kutoka shimoni, ikiingia yote rudi hatua mbili. Kichwa kinazoea kuona mpira ukiingia, na hofu inapungua hapo hapo.

Kuhusu kutetemeka, kaka yangu, usijiambie “nisikose”. Mwili haujui kutekeleza “nisi”. Upe kazi: “mpira uangukie kwenye ule mnazi”. Simama nyuma ya mpira, chagua jani au doa nusu mita mbele yake kwenye njia ya shabaha, elekeza uso wa fimbo hapo, toa pumzi, piga. Ukikaa juu ya mpira muda mrefu ndipo mikono inapokaza.

Mkwaju ukiharibika, uliza jambo moja tu: fimbo iligusa wapi? Halafu mpira mwengine. Na kila kipindi jiwekee lengo dogo, kwa mfano mipira minne kati ya kumi iguswe kabla ya ardhi, kwa mkwaju mfupi, mikono ianzie usawa wa kiuno na kuishia usawa wa kiuno tu.

Upepo wa Kusi
Nyongeza: upepo ukikujia usoni, chukua fimbo ya masafa marefu zaidi, upige taratibu. Ukiongeza nguvu mpira unazunguka zaidi, unapaa, unaanguka karibu. Nenda saa moja asubuhi, kabla upepo na jua havijapanda.

Mpwani wa Bububu
Ahsanteni sana. Vipindi vyenyewe nivifuatanishe siku tano?

Chuma Namba 7
Hapana. Kimoja kwa wiki, na katikati ujizoeze mara mbili, mipira 40 au 50 inatosha. Siku tano mfululizo utapata malengelenge, na ukishaumia utabadilisha mshiko bila kujijua. Kisha mwalimu aanze upya kuurekebisha.