Naomba ushauri: sukari ya mama iko juu asubuhi kabla hajala

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari aina ya 2, anatumia metformini, dawa ya kushusha sukari, asubuhi na jioni. Naishi naye Morogoro na mimi ndiye ninayempima.

Kinachonichanganya ni hiki: usiku kabla ya kulala anasoma 7.8 (mashine yetu ni ya mmol/L), hali kitu chochote, halafu alfajiri mashine inasoma 10.4 au hata 11. Kliniki walituambia kabla ya kula isizidi 7. Nasikia ini huachia sukari kuelekea alfajiri, lakini sijui kama ndiyo sababu, au dozi ya jioni haitoshi. Sitaki kumbadilishia dawa kwa kubahatisha.

Juzi nilimpima akasoma 15, nikaogopa sana. Kumbe alikuwa amemenya embe. Aliponawa mikono kwa sabuni na kukauka vizuri, ikasoma 9.1. Tangu hapo hatupimi bila kunawa.

Shida nyingine ni vijiti vya kupimia, bei yake inatuumiza, siwezi kumpima mara nne kila siku. Wenye wazazi wenye hali hii, mnapanga vipi? Nipime asubuhi tu, au nibadilishe, leo kabla ya kula, kesho saa mbili baada ya mlo? Na chakula cha jioni mnampa nini? Ugali wa dona na mchicha anaupenda, ila kiasi ndiyo tunabishana.

Kliniki ni wiki ijayo, nataka niende na daftari lenye vipimo vya maana.